Lavenda na Mbolea: Chagua kwa Udongo, Pima kwa Kisoda

Mstari wa tatu wa bustani yangu hapa Lushoto una bahati mbaya ya kupakana na banda la kuku. Mwaka nilioanza kupanda lavenda banda lilikuwa limejaa, nami nikaona ni dhambi kuitupa mbolea ya bure. Mashina yote kumi na moja ya mstari ule yakapata koleo zima kila moja. Miezi mitatu baadaye majirani walikuwa wakisimama kwenye ua kuyatazama: marefu, laini, ya kijani kibichi kama mchicha wa bondeni. Mstari wa kwanza, ulio kwenye changarawe karibu na ukuta, haukupata kitu. Ulikuwa umejikunyata, wa kijivu, ungedhani una njaa.

Msimu wa maua ulipofika, wale wenye njaa walitoa masuke mpaka nikachoka kuhesabu. Walioshiba walitoa machache, na mabua yake yalilala chini kwa upepo wa kwanza. Masika yakaja yakamalizia: saba kati ya kumi na moja yalinyauka huku udongo umelowa. Nilipoyang'oa, mizizi ilikuwa myeusi na imelegea.

Tangu hapo, mtu akija kitaluni kuniuliza "mbolea gani nzuri kwa lavenda?" huwa namrudishia swali: udongo wako ukoje? Jibu la mbolea liko humo. Mahindi unaweza kuyalisha kwanza ukauliza baadaye. Lavenda hapana.

Kwa nini mmea huu unakula kidogo

Asili ya lavenda ni milima mikavu ya kuzunguka Bahari ya Mediterania, kwenye miamba ya chokaa ambapo udongo ni haba, maji hayatuami na rutuba ni ya kubahatisha. Kule Provence, kusini mwa Ufaransa, lavenda halisi hulimwa zaidi kwenye miinuko ya kuanzia mita 800 hivi, katika ardhi ambayo mkulima wa ngano angeipita bila kugeuka. Mmea umezoea hivyo. Majani yake membamba, yenye vinyweleo vya kijivu, ni ya mmea unaobana matumizi ya maji.

Ukiupa nitrojeni nyingi, unafanya kile ambacho mmea wowote ungefanya: unajenga majani na matawi kwa haraka. Seli zinakuwa kubwa na laini, mabua yanakosa ugumu, kichaka kinafunga katikati, hewa haipiti, na ukungu unapata nyumba. Ua linacheleweshwa kwa sababu mmea uko kwenye shughuli ya kukua.

Kwa anayelenga mafuta hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa mafuta ya lavenda hayakai sana kwenye majani. Vifuko vyake vidogo viko hasa kwenye kikombe cha ua, ile sehemu ya zambarau iliyofumba inayobaki hata petali zikishadondoka. Gunia la majani mazuri halikupi chupa ya mafuta.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo wanaosema lavenda haitaki mbolea kabisa, na hilo nalo si kweli. Shamba linalovunwa kila mwaka linapoteza virutubisho kila mwaka, na kwenye mchanga mtupu au ndani ya chungu mmea utadumaa usipopewa chochote. Tunachotafuta ni kiasi, na aina isiyouharibu udongo wenyewe.

Hatua ya kwanza: jua una lavenda gani

Hatua hii watu huiruka, kisha wanailaumu mbolea.

Pakiti nyingi za mbegu madukani ni za lavenda halisi, *Lavandula angustifolia*, aina kama Munstead na Hidcote. Hii ndiyo yenye harufu tamu kuliko zote, na ndiyo inayosumbua zaidi huku kwetu. Ili ichanue vizuri inapenda ipitie kipindi cha baridi, kisha siku ndefu. Huko Provence mwezi Juni mchana unapita saa 15. Hapa Lushoto tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni nusu saa na ushei tu. Baridi ya Juni hadi Agosti hutusaidia kidogo kwenye miinuko, nayo inachanua, ila kwa kujivuta. Mteja anaona mwaka umepita bila ua, anakimbilia duka la pembejeo, anamwaga urea, na sasa hata lile ua alilokuwa alipate halipo.

Lavandini, *Lavandula x intermedia*, ni chotara wa lavenda halisi na lavenda ya majani mapana. Ni kubwa, hutoa mafuta mengi yenye kafuri zaidi, na haitoi mbegu zinazoota, hivyo ukiuziwa mbegu za Grosso, aina mojawapo ya lavandini, umeibiwa. Hupandwa kwa vipandikizi. Kwa kuwa ni kubwa hustahimili mbolea kuliko lavenda halisi, ingawa nayo huharibika ukizidisha.

Lavenda ya meno, *Lavandula dentata*, utaitambua kwa majani yaliyochongoka pembeni kama msumeno mdogo. Harufu yake si ya kuuzia sabuni za gharama, lakini huchanua karibu mwaka mzima mahali pasipo baridi kali, na huvumilia unyevu wa hewa kuliko wenzake. Mtu wa Dar au Mombasa anayetaka lavenda aanzie hapa. Pwani, udongo wa matumbawe una chokaa ya kutosha kuifurahisha. Kinachoweza kuiua hata hii ni joto na unyevunyevu vikizidi, na hakuna mbolea ya kutibu hali ya hewa.

Iko pia *Lavandula stoechas*, yenye masikio yanayofanana na petali juu ya suke. Hiyo ni tofauti na ndugu zake: asili yake ni udongo wenye uchachu, kwa hiyo usiirundikie chokaa.

Hatua ya pili: pima kabla hujanunua chochote

Lavenda halisi na lavandini hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6.5 hadi 7.5; namba ikishuka, uchachu umeongezeka. Udongo mwekundu wa milima yetu ya Usambara, kama ule wa Limuru na Murang'a kwa wenzetu wa Kenya, mara nyingi uko chini ya hapo, 5 na kitu. Ukitaka kubahatisha bila kipimo, angalia haidrenjia za jirani. Zikichanua buluu, udongo ni mchachu. Zikichanua waridi, umeegemea upande wa chokaa. Panapostawi chai napo ni pachachu.

Kubahatisha kunafaa kuanzia mazungumzo tu. Kwa kazi halisi, chimba sehemu tano au sita za shamba hadi kina cha sentimita 20, changanya udongo huo kwenye ndoo safi, kausha kivulini, kisha toa nusu kilo upeleke maabara. Tanzania tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza na maabara ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro. Kenya kuna taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, pale Kabete. Omba wakupimie pH, nitrojeni, fosforasi, potasiamu na kalsiamu. Kwa vyungu vitano vya barazani, karatasi za kupimia pH zinatosha: udongo kipimo kimoja, maji ya mvua vipimo viwili, koroga, acha nusu saa, chovya.

Jaribio jingine la nyumbani ni siki. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukichemka kwa povu, una chokaa tele, na hutahitaji kuongeza.

Kisha pima maji, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko pH. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na 30 kwenda chini, jaza maji, acha yaishe, jaza tena. Maji ya mara ya pili yakishuka ndani ya saa chache, sawa. Yakilala humo mpaka kesho yake, mbolea yoyote utakayoweka hapo ni sadaka kwa kuvu. Ule ugonjwa uliomaliza mstari wangu wa tatu ni wa kuoza mizizi, na vimelea wake husafiri katika maji yaliyotuama.

Hatua ya tatu: tengeneza nyumba kabla ya kuleta chakula

Kwa udongo unaotuamisha maji, inua matuta ya sentimita 30 na uchanganye changarawe au mchanga mnene wa mtoni. Mchanga laini wa kupigia lipu usiutumie; ukichanganyika na mfinyanzi unapata kitu cha kufyatulia matofali.

Kwa uchachu, tumia chokaa ya kilimo. Kutoka pH 5.5 hadi 6.5, udongo wa kichanga unahitaji takribani gramu 250 hadi 300 kwa mita moja ya mraba, tifutifu gramu 400 hivi, na mfinyanzi nusu kilo au zaidi. Tawanya, changanya kwa jembe hadi kina cha sentimita 20, kisha subiri miezi miwili au mitatu, mvua ikiwemo. Kama vipimo vinaonyesha magnesiamu ni kidogo, tafuta chokaa ya dolomaiti.

Faida ya chokaa utaiona hata kabla ya mbolea. Chini ya pH 5.5 alumini huanza kuyeyuka kwenye udongo na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa na chuma na alumini hiyohiyo. Unaweza ukawa na fosforasi nyingi ardhini na mmea usiione. Nimeshuhudia lavenda iliyokaa mwaka mzima bila kuongeza tawi ikiamka kwa chokaa peke yake.

Jivu la jikoni hufanya kazi hiyohiyo kwa udogo wake na huongeza potasiamu. Konzi moja kwa mita ya mraba mara moja kwa mwaka inatosha, kwenye udongo mchachu tu. Usilichanganye na samadi mbichi, wala na mbolea za dukani za urea au DAP: jivu hugeuza nitrojeni ya amonia kuwa gesi, na ile harufu inayokuchoma puani ndiyo pesa yako inayopaa.

Hatua ya nne: mbolea, moja baada ya nyingine

*Samadi na mboji.* Kwenye shimo la kupandia mimi huweka konzi mbili za mboji iliyoiva kabisa, nyeusi, isiyo na joto wala harufu ya zizi. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa miezi sita inafaa vilevile. Ya kuku ina nitrojeni mara mbili au zaidi ya ile ya ng'ombe, na ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Ukilazimika, iozeshe pamoja na pumba za mpunga au majani makavu kwa miezi kadhaa na utumie nusu ya kiasi. Usitandaze mboji juu ya ardhi na kulifunika shina. Lavenda hutandazwa kokoto, ambazo hukauka upesi na kuakisi mwanga ndani ya kichaka.

*Minjingu.* Huu ni unga wa mwamba wa fosfati unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, na kwa lavenda ya udongo mwekundu naupenda sana, kwani unaleta fosforasi na kalsiamu nyingi kwa pamoja. Siri yake ni kwamba huyeyuka kwenye uchachu. Kwa hiyo upangilio una maana: kwenye udongo wa pH 5.5 au chini, changanya Minjingu visoda viwili (kisoda ni kifuniko cha chupa ya soda, gramu 5 hivi) katika kila shimo wiki kadhaa kabla ya kutia chokaa. Ukishapandisha pH hadi 6.5 na kuendelea, mwamba huo utalala tu kama mchanga. Hapo chukua TSP, mbolea ya fosfati inayoyeyuka upesi, kisoda kimoja kwa shimo. Fosforasi haitembei udongoni, hivyo wekea chini, mizizi inapoelekea; ukiimwaga juu inabaki juu.

*DAP.* Kila mtu anayo stoo, ndiyo maana kila mtu anaitumia. Ina nitrojeni 18 na fosfati 46 kwa mia. Kisoda kimoja wakati wa kupanda, kikiwa kimechanganywa na udongo kisiguse mizizi, hakitaua lavenda. Tatizo ni mazoea. Ukiirudia mwaka baada ya mwaka inaongeza uchachu, na sisi ndio kwanza tumetoka kununua chokaa.

*Urea na SA.* Urea ina nitrojeni 46 kwa mia, kisoda kimoja kina zaidi ya gramu mbili za nitrojeni tupu. Kwa mmea mdogo hicho ni kishindo. SA, yaani salfeti ya amonia, ina 21 tu, lakini ndiyo mchachu kuliko zote: kila kilo moja ya SA hula takribani kilo moja ya chokaa. Wanaolima chai wana sababu ya kuitumia. Sisi hatuna. Isipokuwa umepima ukakuta pH imepita 8, jambo linaloweza kutokea kwenye udongo wa matumbawe, iache SA dukani.

*CAN (kalsiamu amonia nitrati).* Kama lazima uongeze nitrojeni, hii ndiyo ya kuchagua. Ina 26 au 27 kwa mia, nusu yake iko katika hali ambayo mmea huichukua mara moja, na kwa kuwa imechanganywa na chokaa haiuchachui udongo kama urea na SA. Kisoda kimoja kina gramu moja na robo hivi ya nitrojeni, kiasi ambacho lavenda inaweza kukimudu.

*NPK 17-17-17.* Ina nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja; ni ya uvivu wa heri. Kwa vyungu inafaa, kwa sababu chungu hakina akiba. Shambani, ukishapima udongo, mara nyingi utagundua unanunua kitu kimoja unachokihitaji na viwili usivyovihitaji.

*Potasiamu.* Ukikosa jivu, kuna salfeti ya potasiamu na kloridi ya potasiamu, ambayo wengi tunaiita MOP. MOP ni rahisi zaidi mfukoni, lakini kloridi yake hujilimbikiza, hasa kwenye vyungu na mahali penye mvua haba. Nusu kisoda cha salfeti kwa shina kabla ya masuke kutoka huimarisha mabua. Kama udongo wako ni wa volkano, wa kule Meru na Kilimanjaro, potasiamu huenda ipo ya kutosha. Soma karatasi ya maabara kwanza.

Na haya ya mitandaoni. Masalia ya kahawa huongeza nitrojeni na huhifadhi unyevu, vitu viwili ambavyo lavenda haivitaki, hivyo yapeleke kwenye sukumawiki. Maganda ya mayai ni kalsiamu kweli, ila yakiwa vipande yatakaa miaka bila kuoza. Yasage yawe unga au usijisumbue. Zile chupa za busta za majani sijawahi kuona zikiipa lavenda ua hata moja la ziada. Majani yake yana nta na vinyweleo, maji huteleza.

Hatua ya tano: kiasi na wakati

Kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda, hubeba takribani gramu 5 za mbolea ya punje kikisawazishwa bila kilima. Hicho ndicho kipimo changu. Mkono haupimi, mkono wa mume wangu una ujazo wa visoda saba, wangu vinne.

Vipandikizi na miche ya mbegu visipewe chochote mpaka vitoe mizizi. Mchanganyiko wa kuoteshea uwe mchanga wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa, au mchanga na udongo kidogo. Vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10 hutoa mizizi kwa wiki tatu hadi sita. Vikiwa kwenye viriba na vimeshika, futa CAN kisoda kimoja kwenye maji lita 10, mwagilia mara moja kila wiki tatu. Inatosha.

Mwaka wa kwanza shambani, ile mboji na fosforasi ya shimoni ndicho chakula chote. Mmea ukitaka kuchanua, kata masuke ya kwanza ungali mdogo. Inauma, najua, lakini nguvu inakwenda kwenye matawi, na mwaka wa pili matawi hayo ndiyo yatakayobeba maua.

Kuanzia mwaka wa pili, fuata kupogoa. Ukishavuna, pogoa theluthi ya kichaka, ukiacha majani mabichi juu ya sehemu yenye mti mkavu, kwa sababu lavenda iliyokatwa hadi kwenye mti mara nyingi haichipui. Mvua za vuli zikianza, weka kisoda kimoja cha CAN kwa kila shina, kwenye duara linalolingana na mwisho wa matawi, sentimita 15 au 20 kutoka kwenye shina. Fukia kidogo. Kwenye mchanga, rudia kisoda kimoja miezi miwili baadaye. Kwenye tifutifu lenye mboji, usirudie.

Usiweke nitrojeni katikati ya masika. Maji yataishusha chini ya mizizi kabla mmea haujaonja, na itakayobaki italainisha matawi wakati uleule kuvu wanapozaliana. Usiweke pia masuke yakishaanza kuchomoza. Wakati huo kazi yako ni kupalilia na kusubiri nyuki.

Kwa anayelima eneo kubwa, hesabu ni hii. Mistari ikiachana mita 1.3 na mashina sentimita 50, hekta moja hubeba mashina kama 15,000. Kisoda kimoja cha CAN kila shina ni kilo 75 za mbolea, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Mabaki ya mabua baada ya kukamua mafuta yaozeshe uyarudishe shambani. Ndani yake kuna sehemu kubwa ya ulichokinunua.

Vyunguni

Chungu cha lita 10 chenye matundu, udongo sehemu mbili, mchanga mnene sehemu moja, changarawe au mboji iliyoiva sehemu moja. Kwa kuwa kila unapomwagilia virutubisho vinatoka chini, chungu kinahitaji kulishwa mara nyingi kuliko shamba, lakini kwa kiasi kidogo zaidi: NPK nusu kisoda kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi mmea unapokua, na usitishe kabisa ukichanua.

Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea. Kipitishe chungu maji safi mara tatu au nne ujazo wake, acha yatoke yote, kisha usilishe kwa miezi miwili.

Majani yanasema nini

Majani ya chini yakigeuka njano taratibu huku ya juu yakibaki mazima, nitrojeni imepungua. Majani machanga ya juu yakiwa njano lakini mishipa yake ya kijani, mmea unakosa chuma, na mara nyingi si kwamba chuma hakipo. pH imepanda mno, pengine kwa chokaa au jivu lako mwenyewe. Ncha za kahawia zilizokauka: chumvi, umezidisha. Mmea mdogo wenye rangi ya zambarau kwenye majani na usiokua: fosforasi, ingawa baridi ya Julai nayo hufanya hivyo, kwa hiyo subiri jua kabla ya kuhukumu.

Mmea wote kulegea na kupauka wakati udongo umelowa ni mizizi iliyooza. Hapo ndipo watu wengi huongeza mbolea wakidhani ni njaa. Usiongeze. Chukua vipandikizi kwenye matawi yaliyobaki mazima, ng'oa mama, na usipande lavenda nyingine kwenye shimo hilo.

Jaribu kwenye udongo wako

Vipimo nilivyotoa ni vya hapa kwangu na vya udongo unaofanana na wangu. Kama unataka kujua vya kwako, fanya jaribio dogo, ni kazi ya dakika kumi kwa mwezi.

Chukua miche ishirini iliyotokana na vipandikizi vya mama mmoja. Miche ya mbegu haifai hapa, kwa sababu kila mmoja ana tabia yake na utashindwa kujua kama unaona mbolea au ukoo. Igawe makundi manne ya miche mitano: wasiopewa kitu, wa mboji konzi mbili, wa CAN kisoda kimoja, na wa NPK 17-17-17 kisoda kimoja. Usipange kundi moja pamoja. Wachanganye kwa kura, la sivyo kundi lililoangukia karibu na ukuta au bomba litashinda kwa sababu isiyohusiana na mbolea. Kila mche upate kijiti chenye rangi ya kundi lake.

Kila tarehe moja andika urefu, upana wa kichaka kwa pande mbili, na rangi ya majani. Maua yakija, hesabu masuke ya kila mche, kisha siku ambayo kama nusu ya viua vya suke vimefunguka, kata asubuhi umande ukishakauka, pima uzito mbichi, funga vishada, ning'iniza kwenye chumba chenye giza na hewa, na upime tena vikikauka. Pangusa suke mkononi ulinganishe harufu, na umpe mtu mwingine ambaye hajui lipi ni la kundi gani anuse pia. Pua ya aliyenunua mbolea haiaminiki.

Halafu usivunje jaribio hapo. Yaache makundi yote yapite masika moja bila kuongezewa chochote, na mwezi Juni uhesabu wangapi wako hai katika kila rangi. Kwangu tofauti kubwa kuliko zote ilionekana mwezi huo.